Mzee wa Friji na Chati ya Nne Nne

Mlango wa zahanati aliubisha kwa goti, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na begi la spana na mwingine umeshika kofia ya pikipiki. Ukisikia goti lile, ulikuwa na dakika moja tu ya kukumbuka umeifanyia nini friji tangu alipopita mara ya mwisho. Alisalimia vizuri, akauliza habari za nyumbani na za njiani, akakubali kiti, lakini macho yake yalikuwa yameshafika pembeni kwenye friji ya mafuta ya taa, na kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni pake.

Sisi wauguzi tulimwita Mzee wa Friji. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha chanjo za watoto zinakaa kwenye baridi inayofaa, kuanzia stoo kubwa ya Homa Bay hadi zahanati ndogo kabisa, Karungu kando ya ziwa mpaka Kegonga kwenye milima ya kwetu Wakuria. Yeye alikuwa Mjaluo wa Homa Bay, na Kijaluo changu kilikuwa cha kumwuliza mgonjwa panapouma tu, kwa hiyo tuliongea Kiswahili. Aliniita Sista. Nilimwita Mzee, ingawa nikipiga hesabu sasa naona hakuwa amefika hata miaka hamsini.

Lazima nieleze kidogo habari ya chanjo, ili ieleweke kwa nini tulimwogopa. Chanjo ya surua ikipata joto inakufa, na ukiiangalia kwenye chupa huwezi kujua. Rangi ni ile ile. Unamdunga mtoto, analia, mama yake anashukuru, unatia sahihi kwenye kadi, na mtoto anarudi nyumbani bila kinga yoyote. Ndiyo sababu kila asubuhi na kila jioni tulitakiwa kusoma kipimajoto ndani ya friji na kuandika namba kwenye chati. Nyuzi mbili mpaka nane ni sawa. Ikipita nane, kuna shida.

Mara ya kwanza kukutana naye nilikuwa na miezi mitatu tu katika zahanati yetu upande wa Karungu. Nilikuwa peke yangu na mhudumu mmoja mama wa makamo. Mzee alisimama mbele ya chati yangu akiwa amefunga mikono nyuma.

"Sista, hii umejaza wewe?"

"Ni mimi, Mzee."

"Una friji nzuri sana."

Nikasema asante. Nilifikiri ananisifu.

"Nimetengeneza friji miaka mingi," akasema, bado amenipa mgongo. "Ukifungua mlango inapanda. Usiku inashuka. Utambi ukishika masizi inapanda tena. Leo tano, kesho tatu, mchana wa jua kali inafika saba. Hii yako imekaa nne asubuhi, nne jioni, siku kumi na nne. Haipumui. Ni maiti?"

Nilijua nimepatikana, na nilijua kinachofuata ni barua ya kufukuzwa kazi. Lakini hakufoka. Alivuta kigoda kidogo wanachokalia akina mama wanapobembeleza watoto, akakaa chini, mpaka uso wake ukawa chini ya wangu.

"Unaogopa nani?"

Nilianza kulia kabla sijajibu. Nikamwambia kwamba mafuta ya taa yaliisha, nikaomba, hayakuja. Nikamwambia kwamba muuguzi aliyenitangulia mafuta yalipomwishia aliandika kwenye chati, kwa wino mwekundu, MAFUTA HAKUNA, na wageni kutoka Nairobi wakaisoma. Mkubwa wetu kule Migori alisema ameaibishwa, na wiki hiyo hiyo yule dada akahamishwa mbali na watoto wake. Kwa hiyo yangu yalipoisha niliandika nne. Baada ya wiki mbili mafuta yakaja, friji ikawaka, nikaandika namba za kweli. Hakuna aliyeuliza.

"Na siku hizo kumi na nne ulichanja?"

"Nilichanja, Mzee."

Aliinuka, akatoa chupa zote kwenye friji, akazipanga kwenye sakafu na kuandika kila moja kabla ya kuitupa. Kisha akaomba daftari la kliniki. Tulihesabu watoto kumi na tisa waliodungwa surua katika siku hizo.

"Hawa wote watafutwe," akasema. "Wote. Nitakuletea chanjo nzima kwenye sanduku la barafu. Utawaambia akina mama ukweli. Waambie dawa ile ilipata joto. Usiwaambie hii mpya ni ya kuongeza nguvu tu."

Nilitembea boma kwa boma karibu mwezi mzima. Akina mama wengine walinitukana, mmoja alinifungulia mbwa. Niliwapata kumi na wanane. Wa kumi na tisa alikuwa mtoto wa kike aitwaye Akinyi. Majirani walisema mama yake, Min Akinyi kama walivyomwita, amemfuata mume wake kwenye machimbo ya dhahabu Masara, na huko hakuna anayejua kibanda chao.

Mzee alipopita tena nikamweleza. Alikuwa ameshapanda pikipiki, anafunga mkanda wa kofia chini ya kidevu.

"Masara niachie mimi," akasema. "Nitapita huko wiki ijayo."

Nikashusha pumzi. Mzee wa Friji akisema atapita, alipita.

Watu wengi walidhani ni mkaguzi tu. Alichukia neno hilo. "Mkaguzi anakuja baada ya chanjo kufa," alisema, "anaandika imekufa." Miaka ya nyuma alikuwa amepelekwa ng'ambo miezi mitatu kwa kozi ya mashine za baridi. Wenzake walirudi na redio na masweta. Yeye alirudi na rundo la fotokopi alizozifunga kwa uzi wa kiatu, kuhusu watu waliotumia maisha yao kufikiria kwa nini kazi inaharibika na vipi itengenezwe kabla haijaharibika. Aliwaita wazee wangu, kana kwamba wanaishi nyuma ya nyumba yake.

Mzee alimpenda wa kwanza kwa sababu ya mistari miwili. Huyo alisema chora namba za kila siku kwenye chati, weka mstari juu na mstari chini. Namba zikicheza katikati, hiyo ndiyo tabia ya mashine yako, usimgombeze mtu kwa ajili ya tano leo na sita kesho. Namba ikiruka nje ya mstari, simama, kitu kimetokea, kitafute siku hiyo hiyo. Mzee alituchorea mistari hiyo kwa kalamu ya bluu kwenye kila chati, kutoka ziwani mpaka milimani.

Wa pili alikuwa Mmarekani aliyekwenda kuwafundisha Wajapani kazi za viwanda baada ya vita. Huyu ndiye aliyemkaa moyoni kuliko wote. Alifundisha kwamba makosa mengi yanatoka kwenye namna kazi ilivyopangwa, na mpango huo umeshikwa na wakubwa, si na mtu wa chini. Kwa hiyo mkubwa anayetaka ukweli aanze kwa kuondoa woga, maana mtu mwenye woga atakuandikia namba unayoipenda. Mzee alipofika hapo katika maelezo yake alikuwa haniangalii, na mimi nilikuwa naangalia nje.

Wa tatu alikuwa Mjapani mwenyewe, na somo lake tulifundishwa hotelini. Mara moja alitukuta wauguzi wanne katika mji wa Migori siku ya mkutano, akatununulia chakula. Alipomaliza samaki wake wa ngege aliuondoa uti wa mgongo mzima bila kuuvunja, akaulaza kwenye sahani safi.

"Kichwa ni shida yenu," akasema. "Chanjo imepata joto. Mfupa huu ni mashine. Huu ni mafuta. Huu ni mtu. Huu ni barabara. Huu ni namna tunavyoandika. Sasa niambieni, ni mfupa gani umemuua samaki?"

"Ni yule mama wa jikoni," akasema mwenzetu mmoja, na hoteli nzima ikacheka, hata mama mwenyewe. Mzee hakucheka. Alisubiri mpaka tukamaliza, akauliza tena.

Na alikuwepo wa nne, ambaye Mzee aligombana naye kama ndugu. Huyo alisema kazi ifanywe sawasawa mara ya kwanza, na lengo liwe kutokuwa na kosa hata moja. Mzee alikubali neno la kwanza. Lakini mkubwa wetu alipolisikia hilo la pili alilipenda mno, akachapisha mabango na kuyatuma kila zahanati: KOSA HATA MOJA HATUTAKI. Mzee alipoliona letu alilibandua, akaligeuza, akalipapasa nyuma na mbele.

"Natafuta mahali pa kumwagia mafuta ya taa," akasema. "Sioni."

Upande wa pili wa bango akatuchorea namna ya kukata utambi.

Nisiseme alikuwa malaika. Alihubiri kwamba woga uondoke, na yeye mwenyewe alikuwa anatisha. Alikuwa na namna ya kunyamaza baada ya kuuliza, akikuangalia kwa subira, mpaka unasema hata mambo ambayo hukuulizwa. Na maswali yake ya kwa nini, moja baada ya jingine mpaka matano, yaliifaa friji kuliko binadamu. Siku moja nilipolala kwake Homa Bay, nikienda kuchukua vifaa, mke wake alinieleza tukiwa jikoni.

"Mtoto akivunja glasi, baba yake anamwuliza kwa nini imevunjika. Ilianguka. Kwa nini ilianguka? Mkono ulikuwa na maji. Kwa nini ulikuwa na maji? Akifika ya tatu mtoto analia, mimi nachukua mtungi naenda ziwani." Alicheka, kisha akashusha sauti. "Na hiyo taa yetu, Sista, unaiona? Kioo kimepasuka mwaka mzima. Fundi yuko hapa hapa ndani."

Alikuwa Msabato wa kweli. Jumamosi hakushika spana. Lakini friji haijui Sabato, na wenzangu walimkuta Jumamosi kadhaa amesimama kwenye dirisha la zahanati, amevaa suti ya kanisani, akichungulia chati ya friji kupitia kioo. Walipomwuliza alisema kuangalia si kazi. Jumapili asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni.

Kisa cha saa ndicho kilichomtia matatani. Mkubwa wetu alianzisha mashindano ya zahanati bora na mfanyakazi bora, na mwaka wa kwanza akampa Mzee zawadi, nafikiri ili amfunge mdomo. Tulikusanyika Migori katika ukumbi. Mzee akaitwa mbele, akapokea saa kubwa ya ukutani, watu wakapiga makofi. Akaiweka mezani mbele ya mkubwa, taratibu, uso wa saa ukielekea juu.

"Nashukuru," akasema. "Lakini naomba ibaki hapa ofisini. Ukimpa mmoja wetu saa kwa sababu chati yake ni nzuri, mwaka ujao kila chati itakuwa nzuri. Na watoto wataugua vile vile."

Hakuna aliyepiga makofi. Mkubwa alitabasamu kwa meno tu. Nilikuwa nimekaa safu ya tatu nikaona mshipa shingoni mwake. Mama mmoja wa kutoka Karungu akaninong'oneza: "Huyu mzee, leo ameuza kazi yake."

Surua ilianza Masara miezi michache baada ya hapo. Machimboni watu wamebanana, kibanda kwa kibanda, watoto wanalala wanne kwenye mkeka mmoja. Ilipita haraka. Wengi waliougua hawakuwa wamechanjwa kabisa. Lakini mmoja aliyekufa alikuwa na kadi, na mama yake alikuwa ameitunza kwenye karatasi ya nailoni isilowe. Muuguzi wa huko alipoifungua akaona mhuri wa zahanati yetu, tarehe, na sahihi. Akaituma Migori.

Mtoto alikuwa Akinyi.

Nilipata habari kwa barua ya kuitwa mkutanoni. Jina la mtoto lilikuwa limeandikwa kwa taipu, na nililisoma nimesimama kwenye veranda huku foleni ya akina mama ikinitazama. Nikaingia ndani nikafunga mlango. Yule mhudumu mama akabisha, akauliza kama ni msiba wa nyumbani. Nikamjibu ndiyo.

Katika ukumbi ule ule wa saa tulikaa wote wenye friji. Kadi ya Akinyi ilikuwa mezani mbele ya mkubwa. Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi la pembeni, begi lake la spana miguuni. Nilijaribu kukutana na macho yake, akawa anaangalia sakafu. Nilikuwa na swali moja tu kwake, na nilijua jibu.

"Mtoto amechanjwa," mkubwa akaanza. "Kadi inaonyesha. Mtoto amekufa na ugonjwa ule ule. Nataka kujua ni nani."

Mzee akasimama bila kuombwa. Akaenda kwenye ubao, akachukua chaki, akachora samaki mkubwa, kichwa na mifupa yake.

"Kabla ya nani, tuulize kwa nini," akasema. "Kwa nini chanjo haikumkinga mtoto? Ilipata joto. Kwa nini ilipata joto? Friji ilizimika. Kwa nini ilizimika? Mafuta yaliisha. Kwa nini yaliisha? Hayakuletwa." Kila jibu aliliandika kwenye mfupa wake. Kisha akageuka, chaki bado mkononi. "Kwa nini hayakuletwa? Hilo la tano mimi siwezi kulijibu, Mkubwa. Karatasi ya kuomba mafuta inaishia mezani kwako."

Mkubwa alifungua faili, akalifunga. Alikunywa maji.

"Chati inasema nne," hatimaye akasema. "Wiki mbili nzima nne. Zahanati ninaijua, lakini nataka aliyeandika atajwe hapa mbele ya wote. Nani aliandika?"

"Mtu aliyeogopa."

"Nataka jina."

"Nikikupa jina utafunga faili, Mkubwa. Mtoto mwingine atakufa mwakani na sisi tutakaa hapa hapa."

Nilimwangalia samaki ubaoni. Joto, friji, mafuta yaliyoisha, mafuta yasiyoletwa. Nilitafuta mfupa mmoja zaidi. Mtoto huyu alikuwa amejulikana. Jina lake lilikuwa kwenye orodha, na mtu alikuwa amesema Masara niachie mimi. Mfupa huo Mzee hakuuchora. Alikuwa amesimama karibu na nafasi yake tupu, jasho likimtoka kwenye paji la uso, na nikaelewa kwamba anajua, na kwamba hatasema.

Sijui ni hasira au ni aibu iliyoniinua. Nilisikia tu kiti changu kikianguka nyuma yangu.

"Ni mimi niliyeandika nne," nikasema. "Sahihi kwenye kadi ni yangu pia."

Juu ya Masara sikusema. Nilikuwa nataka aseme mwenyewe. Nilingoja. Mkubwa alishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia, akaandika jina langu, akasema mkutano umekwisha.

Mzee alinifuata nje mpaka kwenye pikipiki yake. Sijawahi kumwona na hasira namna ile.

"Umefanya nini, Sista?"

"Nimesema ukweli. Si wewe uliyesema woga uondoke?"

"Alikuwa amebaki na swali moja! Moja tu! Miaka yote hii nimemtafuta nimfikishe hapo, na leo alikuwa amefika. Sasa ana jina lako. Anaenda kula chakula cha mchana!"

"Na Masara, Mzee?" nikamwuliza. "Ulienda?"

Alinitazama. Kisha akachukua kofia, akaivaa, akaanza kufunga mkanda chini ya kidevu. Vidole vilikataa. Alijaribu mara mbili, tatu, akauacha ukining'inia, akapiga pikipiki teke ikawaka. Aliondoka bila kunijibu, na mkanda ukimpiga shavuni.

Alikuwa amesema kweli kuhusu faili. Nilipewa barua ya onyo, nikahamishiwa Kegonga, karibu na nyumbani, jambo ambalo waliliita adhabu. Mafuta ya taa yaliendelea kuchelewa. Mzee naye aliondolewa kwenye pikipiki, akapewa meza Homa Bay ya kupanga karatasi, na baada ya mwaka mmoja nikasikia amestaafu mapema. Chati zilizoletwa Kegonga baada yake hazikuwa na mistari ya bluu. Nilijichorea mwenyewe.

Miaka ikapita minne. Ndipo nilipoitwa Homa Bay kwa semina ya wiki moja. Siku ya pili, nikitafuta kandambili sokoni, niliona nyuma ya duka la vitambaa la Mwislamu mmoja wa kutoka pwani friji za soda zimelazwa ubavu, na mtu mwenye mvi amepiga magoti kati yake. Nilimjua kwa mgongo. Nilisimama pale nikitaka kuondoka. Mwenye duka akaniwahi.

"Dada, karibu! Unamtaka fundi? Fundi! Mgeni wako!"

Aligeuka. Alikuwa amekonda. Alifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akanisogezea kreti ya soda nikalie, naye akakaa kwenye nyingine. Tuliulizana habari za nyumbani. Mke wake mzima, watoto wamekua.

"Sikuandika," akasema.

"Nini, Mzee?"

"Masara. Mimi naandika kila kitu, hata nati iliyopotea. Siku ile nilikuwa nimeshapanda pikipiki, nikasema nitakumbuka. Kegonga friji ikaharibika, nikaenda huko kwanza. Halafu nikasahau, Sista. Sikuwa na shughuli kubwa. Nilisahau tu." Aliokota spana, akairudisha chini. "Siku ya mkutano nilijiambia nikilitaja hilo, mkubwa ataacha mafuta anishike mimi. Nilijiambia nalinda swali la tano. Nimekaa na maneno hayo miaka minne, na najua ni uongo. Niliogopa."

Nilikuwa nimemkasirikia muda mrefu hivi kwamba nilipoyasikia maneno niliyoyataka, niliona huruma na nikaikasirikia hiyo huruma.

"Mama yake ulimwambia?" akaniuliza.

"Hapana. Nilimwambia mkubwa tu. Wewe?"

"Nilifika Masara mara mbili baada ya kustaafu. Niliulizia kibanda, nikaonyeshwa. Mara zote mbili niligeuka nikarudi."

Mwenye duka alipita na birika akatuwekea chai bila kuuliza kitu. Tulikunywa. Watu walipita na samaki kichwani. Nilipomaliza kikombe nikamwambia semina inaisha Alhamisi.

"Ijumaa, basi," akasema.

Min Akinyi alikuwa anauza uji na chapati kwa wachimbaji, chini ya mabati mawili, karibu na mahali wanaposaga mawe. Vumbi lilikuwa jeupe kila mahali. Mtoto wa kiume, mnene, alikuwa amekaa kwenye beseni karibu na miguu yake akigonga kijiko. Mama alinitambua kabla sijasema lolote. Uso wake haukubadilika, ila mkono uliokuwa unageuza chapati ulisimama.

Mzee aliongea Kijaluo, kwa sauti ya chini, amevua kofia. Nilishika maneno machache tu: friji, mafuta, jina langu, jina lake mwenyewe, jina la Akinyi. Alipofika kwenye Masara sauti ilikatika, akaanza upya. Kisha nikasema sehemu yangu kwa Kiswahili, kwamba nilijua friji imezimika na nikamdunga mwanawe hivyo hivyo. Wachimbaji wawili waliokuwa wanakunywa uji waliweka vikombe chini, wakaondoka.

Hakupiga kelele. Aliitoa chapati iliyoungua akaitupa. Akaosha vikombe vyote viwili vya wale wachimbaji, akavifuta, akavipanga. Tulisimama. Nilitaka atutukane, ingekuwa rahisi zaidi. Hatimaye akamwinua mtoto kutoka kwenye beseni, akamweka kiunoni, akaniambia mimi, kwa Kiswahili, nisipotewe na neno hata moja:

"Huyu alidungwa ya surua mwezi uliopita. Pale zahanati ya juu. Hiyo dawa ilikuwa na baridi?"

Nilimwangalia Mzee. Nilimwona akifungua mdomo, na nilidhani ataanza kueleza, mashine, mafuta, barabara.

"Sijui," akasema.

"Hujui."

"Sijui, mama. Ila nikiiona friji na karatasi yake nitajua."

Min Akinyi alifunika chapati kwa sinia. Akamwita jirani amwangalizie moto, akamfunga mtoto mgongoni kwa leso, akakaza fundo mara mbili.

"Basi twende uangalie," akasema, na akatangulia yeye kupanda kilima, haraka, bila kugeuka kuona kama tunamfuata.